Safari ya darasa letu Mombasa na Gede: wakala nyota mbili na nusu, waongozaji wa kule nyota zote

Nimekaa wiki tatu kabla sijaandika hii maana tulivyorudi nilikuwa na hasira na nisingemtendea mtu haki. Mimi ndo nilikuwa mwekahazina wa safari, hela za wenzangu 44 zilipita mkononi kwangu, kila mtu alichanga laki nne na nusu na wengi waliitoa kwenye bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, kuna watu nawajua walikula ugali maharage mwezi mzima ili wamalizie mchango. Kwa hiyo nikisema hiki kilikuwa kizuri na hiki kibaya jueni nasema nikiwa na daftari la michango hapa mezani.

Sisi ni wanafunzi wa historia, mwaka wa pili, tunasoma hapahapa Dodoma. Mwanzo watu walitaka Misri, wengine Ethiopia, tukapiga hesabu za ndege tukanyamaza wote. Tukakubaliana Kenya kwa barabara, Mombasa na Malindi, kwa sababu nusu ya somo letu la pwani ya Afrika Mashariki limekaa kule na hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga. Wakala tulimpata mjini, jina sitalitaja, mkiwa mnatafuta wakala wa safari za vikundi angalieni hivi vitu ninavyovisema maana vinaweza kumkuta yeyote.

Ofa yake ilikuwa siku tano, usafiri, malazi, chakula asubuhi na jioni, viingilio, na "vituo kumi na moja vya kihistoria". Hiyo kumi na moja ndo iliyotuteka. Wakala mwingine alitupa vituo vitano kwa bei karibu ileile tukamuona anatuibia. Leo ningerudi kwa yule wa vitano bila kufikiri mara mbili.

Tuanze na barabara. Tuliahidiwa basi kubwa, saa kumi alfajiri zikaja kosta mbili, yale mabasi madogo. Dodoma hadi Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, Tanga mpaka Horohoro, hiyo ni siku nzima na ushee umekunja magoti, kaka mmoja mrefu kwetu alisimama kwenye korido kutoka Dumila mpaka Chalinze kwa sababu miguu ilikufa ganzi. Madereva lakini walikuwa watu wazuri sana, wastaarabu, hawakukimbiza gari hata kidogo, na yule wa kosta yetu alikuwa anasimama kila mtu akiomba bila kununa. Nawapa heshima yao.

Mpakani ndo tulilipia uzembe wa wakala. Mtanzania anaingia Kenya kwa pasipoti au hati ya dharura ya safari, hiyo tuliijua wenyewe na wengi tulienda Uhamiaji mapema tukapata hati. Ila habari ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano wakala alituambia usiku wa kuamkia safari, kwenye meseji, saa nne usiku, sasa saa nne usiku unachanja wapi? Watu saba hawakuwa nazo. Pale Horohoro na Lungalunga ni kituo kimoja cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, kwa kawaida unatoka huku unaingia kule fasta tu, sisi tulikaa karibu masaa matatu mpaka wale saba wakashughulikiwa. Tukaingia Likoni, kwenye kivuko cha kuingia kisiwa cha Mombasa, usiku, tukashuka kwenye gari kama inavyotakiwa, tukapanda feri kwa miguu. Abiria wa miguu halipi kitu, gari ndo linalipa. Nakumbuka tumesimama pale kwenye feri, taa za mji mbele, upepo wa bahari, watu wametoka Ugogoni kwenye vumbi wamechoka hoi na hakuna aliyekuwa analalamika tena.

Lodji ilikuwa safi, maji yapo, feni zinafanya kazi, wanne chumba kimoja wakati tuliambiwa wawili. Asubuhi mahamri na mbaazi, yaani hapo sina neno, yale mbaazi ya nazi niliyafikiria mpaka nilivyorudi huku.

Sasa Fort Jesus, ambayo wenyeji wanaiita Ngome tu. Tulifika saa tatu asubuhi na hapo tukapoteza saa nzima getini kwa sababu malipo ni kwa njia ya kielektroniki na kijana wa wakala alikuja na bahasha ya keshi. Saa nzima watu 47 tumesimama juani, mpaka muongozaji wa pale akamsaidia kulipa kwa simu yake yeye. Mtu hata hajaanza kazi ameshatusaidia.

Huyo muongozaji, baba wa makamo hivi, alitupeleka kwanza nje chini ya ukuta, hakuanzia ndani. Akasema shikeni. Tukashika lile jiwe la matumbawe. Akatuonyesha kwamba ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe na sehemu nyingine mwamba umechongwa ukawa ndo ukuta, unaona kabisa pale jiwe la kujengwa linapoanzia. Wareno walianza 1593 wakamaliza 1596, mchoraji wa ramani alikuwa Mtaliano anaitwa Giovanni Battista Cairati, na ukiangalia ramani yake imechorwa kama mtu amelala chali kichwa kimeelekea baharini. Hii tuliisoma darasani lakini sikuwa nimeelewa kwa nini umbo ni muhimu mpaka aliposimama kwenye pembe moja akatuonyesha kwamba kutoka hapo mlinzi anaona ukuta wote wa upande ule, yaani adui akisogea popote yuko kwenye mstari wa risasi wa mtu fulani. Hamna pa kujificha.

Alafu akatusimulia kuzingirwa kwa 1696. Waomani walikuja mwezi wa tatu mwaka huo na ngome haikuanguka mpaka Desemba 1698. Miezi thelathini na kitu watu wamefungiwa ndani, na kilichowamaliza zaidi ni maradhi na njaa kuliko risasi. Meli ya kuleta msaada, Santo António de Tanná, ikazama hapohapo mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa chini ya maji miaka ya 1970 vipo kwenye makumbusho mle ndani, mitungi, vyombo. Dada mmoja kwetu alikaa mbele ya lile kabati la vioo mpaka tukamrudia. Waingereza nao waliifanya gereza kuanzia 1895, ikaacha kuwa gereza mwaka 1958, na 2011 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia. Ukuta mmoja umeonja mabwana wote hao.

Kitu kilichonigusa mimi zaidi ni kidogo tu. Kuna michoro imechorwa ukutani na walinzi wa Kireno, meli, watu, samaki, wamechora kwa mkaa na udongo mwekundu. Kwenye kundi letu tuna mwenzetu wa Kondoa, kwao ni karibu na Kolo kwenye ile michoro ya miambani ambayo UNESCO waliitambua 2006, akasimama akasema jamani huu wekundu naujua. Si kwamba ni watu walewale wala zama zilezile, michoro ya Kondoa mingine ni ya kale sana, ila binadamu akikaa mahali anasubiri anachora anachokiona, hawa wamechora meli kwa sababu ndo walikuwa wanazisubiri, wale wa kwetu wakachora wanyama na watu. Muongozaji akamwambia aendelee, akamuuliza maswali, akakiri hajawahi kufika Kondoa na angependa. Nikaona aibu kidogo kwa niaba ya darasa maana tulipohesabu, kati yetu 45 waliowahi kufika Kolo walikuwa tisa, na ni masaa machache tu kutoka hapa mjini.

Ngome tulikaa masaa mawili na nusu. Hapo sina malalamiko zaidi ya ile saa ya getini.

Mji wa Kale ni hapohapo nje, unatembea kwa miguu, milango ya nakshi, roshani za mbao, msikiti wa Mandhry ambao unasemekana ni wa karne ya kumi na sita. Huku nilipenda Kiswahili kuliko majengo. Muongozaji wetu alikuwa anasema "ndooni huku" akimaanisha njooni, na njia anaiita "ndia". Wenzangu wawili wakacheka, yeye hakukasirika, akawauliza kwa upole nani aliwaambia chenu ndo sanifu. Akatukumbusha kwamba mkutano wa kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapohapo Mombasa mwaka 1928, na ikachaguliwa Kiunguja cha Zanzibar, Kimvita cha Mombasa kikaachwa nyumbani kwao. Hakuna aliyecheka tena. Tukaanza kumuuliza maneno, mwenzetu Mgogo akawa anaandika kwenye simu, na mama mmoja aliyekuwa anauza viazi karai akajiunga na mazungumzo kutusahihisha matamshi. Hii haikuwa kwenye ratiba na ilikuwa bure.

Baada ya hapo ndo balaa la vituo kumi na moja likaanza. Yale mapembe ya Moi Avenue, sanamu kubwa za pembe za ndovu juu ya barabara, tuliyapita gari likitembea, kijana wa wakala akanyoosha kidole akasema "pembe hizo", kituo kimoja kimeisha. Kengele ya Freretown, mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana waliwaweka watu waliookolewa kwenye meli za watumwa katika karne ya kumi na tisa, tulipewa dakika kumi. Dakika kumi kwa kitu kama hicho! Na sisi wa Dodoma tulikuwa na sababu ya kukaa, maana njia ya misafara ya kati ilipita Ugogo na Mpwapwa, biashara ile iligusa mpaka kwetu, mwalimu wetu alikuwa ameandaa kabisa maelezo ya kuunganisha hizo pande mbili, akaanza, hajafika popote honi ikapigwa. Sikupenda kuona mwalimu anakatishwa na honi. Alafu tukapelekwa kwenye duka kubwa la kisasa, eti nalo ni kituo, masaa mawili. Nilipouliza nikaambiwa wanafunzi wanapenda kununua zawadi. Kweli tulinunua, nami nilinunua leso mbili za mama, lakini sio kituo cha kihistoria jamani, na masaa mawili yalitosha kabisa mwalimu kumaliza.

Rabai, kwenye kituo cha zamani cha wamisionari, hatukufika kabisa, muda uliisha. Na ilikuwa imelipiwa.

Siku ya nne ndo Gede. Naomba mtu anayepanga safari kama hii asome hapa taratibu.

Gede iko kusini ya Malindi, karibu na Watamu, ndani ya msitu. Ni mji mzima wa mawe wa Waswahili, ulikuwepo tangu karibu karne ya kumi na mbili, ukastawi karne ya kumi na tano, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, na 2024 umeingia urithi wa dunia wa UNESCO. Unatembea chini ya mibuyu na miti mikubwa, kima wanakuangalia juu, ghafla unaona ukuta, mlango wenye tao, unaingia uko kwenye kasri la sultani. Nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani, nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, kuna vyombo vya China, kuna vyoo vya ndani na mifereji ya maji machafu, kuna kaburi lina tarehe imeandikwa, mwaka 802 wa Hijria ambao ni 1399. Mtu alipaandikia mwaka ili sisi tujue. Mimi nililigusa kwa macho tu maana hairuhusiwi kushika.

Muongozaji wetu pale alikuwa mzee mwenyeji wa maeneo hayohayo. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia "marahaba wanangu, mwatoka wapi?" Tukasema Dodoma. Akasema basi nyie ndo nitawaanzia na kisima.

Akatupeleka kwenye kisima kando ya msikiti mkuu. Akasema wachimbuaji wa mambo ya kale, akiwemo James Kirkman aliyeanza kazi pale mwishoni mwa miaka ya 1940, waliona dalili kwamba visima viliongezwa kina, yaani watu waliendelea kufuata maji chini kadiri yalivyokuwa yanashuka. Sababu za mji kuhamwa zinatajwa nyingi, Wareno kuvuruga biashara na kuhamia Mombasa, mashambulizi na watu kusogea kutoka kaskazini, ila maji nayo yamo, na huyu mzee yeye aliyaweka mbele. Sasa kuna mwenzetu anatoka Chamwino, dada mkimya sana, darasani hasemi kitu. Kwao wakati wa kiangazi wanachimba kwenye mchanga wa korongo ili kupata maji, na kila mwezi unavyosogea shimo linazidi kwenda chini. Akamuuliza mzee, "Babu, walijuaje kwamba sasa basi, tuondoke?"

Mzee alikaa kimya kidogo alafu akakaa chini kwenye ukingo wa ukuta wa nje, akatuambia tukae. Akaanza kueleza kwamba mji hauhami siku moja, wanaoanza kuondoka ni wenye jamaa sehemu nyingine, anabaki mwenye nyumba kubwa na asiye na pa kwenda, na kwamba hata pale kuna dalili za watu waliokuja kukaa kwa muda baadaye kwenye nyumba za watu. Yule dada akamjibu kwamba kwao wa kwanza kuondoka ni vijana, wanaobaki ni bibi na mbuzi. Wakawa wanaongea wao wawili sisi tunasikiliza, na mwalimu wetu ambaye anajua hiki kitu kuliko sisi wote alikuwa amesimama pembeni anasikiliza kama mwanafunzi. Kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa laki nne na nusu yote.

Honi ikapigwa.

Dakika hamsini tu tulipewa Gede. Kasri tulishapita haraka, nyumba nyingi hatukuingia, ukuta wa nje wa mji hatukuufikia kabisa, makumbusho ndogo ya getini tuliiona kwa mlangoni. Kijana wa wakala akaja kutufuata akionyesha saa, mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, sijamaliza hata kisima." Kijana akajibu ratiba ni ratiba. Niliomba nusu saa, nikasema kama mwekahazina nasimamia mimi, tufute kituo cha mwisho, akasema hana mamlaka, simu ya bosi haipokelewi. Tukaondoka. Mzee alitupungia mkono mpaka gari likakata kona.

Na tulikimbilia wapi? Nguzo ya Vasco da Gama, Malindi. Yenyewe ni nzuri, iko kwenye ncha ya mwamba mawimbi yanapiga chini, na historia yake ni nzito, 1498 Mombasa walimkataa, Malindi wakampokea na kumpa nahodha wa kumvusha mpaka India. Ila ni nguzo moja, nusu saa inatosha na sisi tulikaa saa moja na robo kwa sababu kosta ya pili ilikuwa imeenda kujaza mafuta. Yaani ile nusu saa niliyoiomba Gede ilikuwepo.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu ila shwari, tukafika Dodoma saa saba usiku, na wakala alikuwa na magari ya kuwapeleka wadada mpaka hosteli bila kuongeza hela, hiyo nampongeza kwa dhati, sio wote wanafanya hivo.

Kesho yake kutwa nilienda ofisini kwake na daftari. Nikamuonyesha basi lililogeuka kosta, vyumba vya wawili vilivyogeuka vya wanne, Rabai, ile saa ya getini. Alinisikiliza, hakunifokea, akarudisha elfu ishirini na tano kwa kila mtu na zote nimeshazigawa kwa sahihi. Kwa hiyo kwenye hela ni mtu unayeweza kuongea naye, ndo maana nimempa mbili na nusu sio moja. Lakini nilipomwambia kuhusu Gede hakuelewa nalalamikia nini. Akaniambia "si mlifika?" Tena akaniuliza darasa la mwaka ujao awawekee vituo kumi na tatu.

Kwa hiyo mkipanga: Fort Jesus na Mji wa Kale siku nzima, Gede siku nzima na mlale Watamu au Malindi msirudi Mombasa siku hiyohiyo, na andikeni kwenye mkataba masaa ya kila sehemu sio majina ya sehemu tu. Chanjo mwezi mmoja kabla. Viingilio vilipwe kabla hamjatoka Dodoma na muone risiti. Beba viatu vya kufunika, Gede kuna mizizi kila mahali. Na waongozaji wa kule wapeni chochote mkiweza, sisi tulichangishana tukampa mzee wa kisima akakataa mara mbili ndo akapokea.

Yule mwenzetu wa Chamwino amebadilisha mada yake ya utafiti, ameandika pendekezo kuhusu visima vya mchangani kwao na anataka kuweka Gede kama mfano wa kulinganisha. Juzi alikuja chumbani kwangu kuniomba picha za kile kisima. Ninazo mbili, na zote zimetoka na ukungu kwa sababu nilipiga huku natembea kuwahi gari.